Barua kwa Mwalimu: Firauni, Nasser na redio ya Majengo

Mwezi uliopita nilijibu swali la Mfereji wa Suez kwa aya mbili, nikaweka kalamu chini nikidhani Misri imekwisha. Msomaji mmoja wa Kayole alidhani nazungumzia mfereji wa uani, ule wa kuchotea maji, na simlaumu; Nairobi ndivyo tunavyosema. Lakini Misri haikwisha. Barua zimejaa mezani, na moja imekuja kunisuta. Naanza na hiyo.

*Mwalimu, uliandika kwamba Gamal Abdel Nasser ndiye rais wa kwanza wa Misri. Mimi nimesoma kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake. Nani amekosea, wewe au kitabu changu?*
Mfanyakazi wa benki, Ngara

Nimekosea mimi. Rais wa kwanza alikuwa Jenerali Muhammad Naguib, aliyeshika kiti tarehe 18 Juni 1953, siku ufalme ulipofutwa rasmi.

Vijana wa jeshi waliojiita Maafisa Huru ndio waliompindua Mfalme Farouk usiku wa kuamkia 23 Julai 1952. Wengi wao walikuwa na miaka thelathini na kitu, hakuna raia aliyewajua. Walihitaji mtu mzima wa kutanguliza mbele, mwenye cheo na mwenye jina zuri tangu vita vya Palestina vya 1948. Naguib, mzaliwa wa Khartoum na mvuta kiko, alifaa sana. Alifaa mpaka alipoanza kuamini kwamba yeye ndiye rais. Mwaka 1954 alitaka wanajeshi warudi kambini na vyama vya siasa virudi uwanjani. Nasser hakutaka. Naguib akashindwa, akafungiwa kwenye nyumba moja pembezoni mwa Cairo, na humo akakaa mpaka Rais Anwar Sadat alipomfungulia mwaka 1971. Miaka yote hiyo vitabu vya shule vya Misri vilimruka, na watoto wa kule wakakua wakijua Nasser ni wa kwanza.

Mimi nami nilijifunza habari za Misri kwa vijitabu vilivyotoka Cairo wakati huohuo. Kosa langu, mwanangu, lina asili yake, lakini ni kosa. Siku hizi kuna stesheni ya treni za chini ya ardhi mjini Cairo yenye jina la Naguib.

*Shikamoo Mwalimu. Tulibishana darasani: Wamisri ni Waarabu au ni watu wa Firauni? Mwenzangu anasema Waarabu walikuja Misri juzi tu, wakavamia.*
Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kahawa

Marahaba. Hiyo "juzi" ya mwenzako ina karibu miaka 1,400. Amr ibn al-As aliingia Misri mwishoni mwa mwaka 639, na mwaka 641 akaanzisha Fustat, mji wa kambi ambao sasa umemezwa na Cairo. Aliikuta nchi iliyotawaliwa kutoka Constantinople, watu wake wengi wakiwa Wakristo, wakisema Kikopti, lugha iliyotokana na ile ya Mafirauni.

Sasa, wale watu hawakuhamishwa wakaletwa wengine. Wakulima wa bonde la Nile walibaki walipokuwa. Walichobadili ni lugha, polepole, kwa karne kadhaa, na wengi wakabadili na dini. Si wote: Wakopti wapo mpaka leo, na Kikopti bado kinasomwa kanisani mwao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mjukuu wa aliyeburuta mawe ya piramidi na bado akawa Mwarabu kwa ulimi wake. Sisi tuliozaliwa Majengo, Pumwani, jambo hili halitupi shida. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema, mumewe Mkamba aliyesilimu, na watoto wao wote Waswahili watupu. Ukiwauliza "asili" wanakuuliza unataka chai au kahawa.

Ila swali la rafiki yako ni la siasa kuliko la damu, na Wamisri wenyewe wamelijibu tofauti kila kizazi. Tazama mwaka 1922. Februari, Uingereza inatangaza kwamba Misri ni nchi huru, ingawa majeshi yake hayaondoki. Novemba, Howard Carter anafukua kaburi la Tutankhamun. Wazalendo wa wakati ule wakamkumbatia Firauni kwa mikono miwili, maana alikuwa hoja tosha: nchi iliyokuwa na serikali miaka maelfu kabla ya London haihitaji mlezi. Mwaka 1928 ikazinduliwa sanamu ya Mahmoud Mukhtar iitwayo Mwamko wa Misri, mwanamke wa shamba akijifunua ushungi, mkono mmoja juu ya kichwa cha Sfinksi. Hapo Uarabu haumo kabisa.

Uarabu kama siasa ulikuja kupamba moto miaka ya 1930 na 1940, Palestina ilipowaka. Katiba ya mwaka 1956, ya serikali ya Nasser, ndiyo iliyoandika kwamba Misri ni nchi ya Kiarabu. Lakini serikali hiyohiyo, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imemleta Ramses II mjini Cairo na kumsimamisha mbele ya stesheni kuu ya treni. Nilimwona mwaka 1994. Jitu la mawe mekundu, zaidi ya mita kumi, katikati ya moshi wa mabasi na kelele za honi, kama abiria aliyeachwa na basi la mwisho pale Machakos Country Bus. Mwaka 2006 wakamhamishia Giza ili moshi usimle.

Na chunguza neno lenyewe. Kwetu ukimwita mtu firauni umemtukana, na ufirauni tunaujua ni nini. Kule Misri wanalitumia pande zote mbili: timu ya taifa ya kandanda inaitwa Mafirauni na mashabiki wanashangilia, lakini luteni Khalid Islambouli alipompiga risasi Sadat mwaka 1981, yaliyosimuliwa kutoka kinywani mwake ni "Nimemuua Firauni". Alikuwa anamsema Firauni wa Musa, yule wa msikitini na kanisani. Wa makumbusho alikuwa mwingine.

*Mwalimu, mzee mwenye duka la vitambaa hapa Eastleigh ameweka picha ya Nasser juu ya mlango tangu nimjue. Nikimuuliza, anajibu tu: "Huyo alikuwa mtu." Alitufanyia nini sisi Wakenya?*
Muuzaji, Eastleigh

Mzee wako amepima kwa ubahili wa wauza vitambaa. Nitamwongezea mita chache.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Redio yake ilikaa juu ya rafu ya nyuzi, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama bi harusi, na haikufunuliwa mpaka kazi iishe. Jioni aliitafuta Cairo kwenye masafa mafupi, akizungusha kitufe huku akisonya. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Cairo ilianza mwaka 1954. Hebu ufikirie mwaka wenyewe. Tarehe 24 Aprili jeshi la Waingereza liliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kizuizini. Redio ya serikali iliwaita waliokuwa msituni magaidi. Cairo, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, iliwaita wapigania uhuru. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, lakini Baba alisimulia hadi kufa kwake: mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikimtukana gavana redioni, aliinuka kwanza akafunga mlango, ndipo akacheka.

Baadaye, harakati za uhuru zilipopamba, wanasiasa wetu walipata ofisi yao Cairo, na Oginga Odinga alikuwa mgeni wa kule. Kwa hiyo Nasser hakuwa habari za mbali.

Hata Suez ina kipande chake hapa kwetu. Ukienda Mombasa kwa basi, ukishapita Voi utafika Mackinnon Road. Wengi wanapajua kwa ule msikiti wa kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga pale bohari kubwa la kijeshi, kwa kuwa walijua Misri hawatakaa sana na walitaka pa kuhamishia shehena zao. Wakamwaga fedha vichakani, kisha wakaacha. Miaka michache baadaye mahali palepale pakawa kambi ya kuwafungia walioshukiwa kuwa Mau Mau. Nikifundisha darasani nilikuwa nawaambia wasichana: mkipita hapo msisinzie.

Turudi kwenye picha ya mlangoni. Kilichompandisha Nasser juu ya milango ya watu ni mwaka 1956. Alitaka kujenga bwawa kubwa la Aswan; tarehe 19 Julai Marekani ikaufuta mkopo iliyokuwa imeahidi. Siku saba baadaye akahutubia Alexandria, na katika hotuba akawa analirudia jina la de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza kazi ya kuchimba mfereji. Watu walidhani anasimulia historia. Kumbe jina lile lilikuwa ishara: watu wake walipolisikia redioni waliingia katika ofisi za kampuni ya mfereji na kuzichukua. Hotuba ilipokwisha, mfereji ulikuwa wa Misri. Mwisho wa Oktoba Israel, kisha Uingereza na Ufaransa, zikashambulia. Ndege za Waingereza zikapiga mitambo ya redio ya Cairo, na redio ya Damascus ikaingia hewani ikatangaza: "Hapa ni Cairo, kutoka Damascus." Kisha Marekani na Urusi, kila mmoja kwa sababu zake, wakawabana wavamizi. Kabla ya Krismasi Waingereza na Wafaransa walikuwa wameondoka, na Januari waziri mkuu Eden akajiuzulu. Nasser alikuwa amepigwa vitani, lakini yeye ndiye aliyebaki na mfereji.

Ulimwengu wa Kiarabu ulilewa. Syria ikajiunga na Misri kuwa nchi moja mwaka 1958. Mwezi Julai mwaka huo maafisa wa Iraq wakampindua mfalme wao. Mwaka 1969 Gaddafi naye akampindua wake, na kikundi chake akakiita Maafisa Huru vilevile. Chukua chati ya bendera, utazame Misri, Yemen, Iraq, Sudan: nyekundu, nyeupe, nyeusi. Rangi hizo zilitoka kwenye mapinduzi ya Cairo.

Na kuna jambo moja ambalo mzee wako wa Eastleigh huenda asipende nilitaje. Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo, Nasser akiwa mwenyeji, wakakubaliana kila nchi ibaki na mipaka iliyorithi kwa wakoloni. Somalia, iliyokuwa ikidai kaskazini mashariki mwa Kenya, haikukubali. Kenya, iliyokuwa na vita vya Shifta kaskazini mashariki, ilikubali haraka sana.

Basi huyo alikuwa mtu. Lakini alikuwa pia mtu wa magereza. Ndugu wa Kiislamu, wale Ikhwani walioanzishwa na Hassan al-Banna mwaka 1928, walijaa humo. Wakomunisti walijaa humo. Wakati mwingine walikuwa gereza moja. Makumi ya maelfu ya wanajeshi wake walikwenda kupigana Yemen kuanzia 1962, vita vya ndugu kwa ndugu, na walikuwa bado wako huko balaa ya 1967 ilipokuja, vita na Israel.

Hiyo nimeiona kwa macho, au niseme kwa masikio. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Jumatatu tarehe 5 Juni, duka la Mhadhrami jirani yetu lilijaa wanaume tangu adhuhuri. Redio ilikuwa kwenye Sauti ya Waarabu, idhaa ya Kiarabu ya Cairo, Mhadhrami akifasiri. Mtangazaji alikuwa akihesabu ndege za Israel zilizoangushwa, na kijana mmoja akizichora kwa chaki kwenye mlango wa mbao, mistari mitano mitano kama anayehesabu magunia. Mlango ulikaribia kujaa. Ukweli ni kwamba kufikia saa ile jeshi la anga la Misri lilikuwa limeteketezwa chini viwanjani, kwa saa chache za asubuhi. Ijumaa Nasser akatangaza kujiuzulu. Cairo nzima ikamiminika barabarani kumkatalia, na Jumamosi akarudi. Pale dukani hakuna aliyesema neno. Mhadhrami alifuta chaki kwa mkono wa kanzu yake, kanzu nyeupe, na ile alama haikutoka vizuri. Baba ndiye aliyemshonea nyingine.

Tangu hapo Baba alisikiliza redio mbili. Cairo kwanza, halafu BBC. Akisema, "Mmoja ananipenda, mwingine ananieleza."

*Mwalimu, bibi yangu wa Barawa alikuwa akisimulia kwamba Wamisri waliwahi kuiteka Barawa. Ni kweli au ni hadithi za wazee?*
Mama wa watoto watatu, South C

Bibi alikuwa sahihi. Mwaka 1875 mtawala wa Misri, Khedivi Ismail, mjukuu wa yule Muhammad Ali aliyeanzisha ukoo wa watawala wa Misri, alikuwa na tamaa ya dola kutoka Bahari ya Kati hadi maziwa ya huku kwetu. Sudan alikuwa nayo, Harar aliitwaa mwaka huohuo, na afisa wake Gordon, aliyekuwa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, alimshauri atafute njia ya kufika kwenye maziwa kutoka Bahari ya Hindi. Zikatumwa meli chini ya Mwingereza aliyeitwa McKillop, zikashusha askari Barawa na Kismayu. Bandari hizo zilikuwa za Sultani Barghash wa Unguja, ambaye alikimbilia kwa Waingereza kulalamika.

Waingereza wakambana, na Ismail akaondoa askari wake mwanzoni mwa 1876. Alikuwa hoi kwa madeni; miezi hiyohiyo aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni milioni nne. Utamgombeza vipi mtu aliyenunua kitanda chako? Miaka saba baadaye, mwaka 1882, wakamaliza kwa kuitwaa nchi yenyewe. (Barghash hakuweka kinyongo na Misri. Wazee wa taarabu Unguja husimulia kwamba ni yeye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi.)

Lakini dola ya Ismail iliacha watu, na hao wako Nairobi. Mahdi, kiongozi wa waasi wa Sudan, alipoiteka Khartoum Januari 1885, askari wa Misri waliokuwa Equatoria chini ya gavana Emin Pasha walikatwa, hakuna mshahara wala barua. Msafiri Stanley alikuja akamchukua Emin, askari wengi wakabaki. Mwaka 1891 afisa wa Kiingereza, Lugard, akawakuta kando ya Ziwa Albert, bado wanapandisha bendera ya Misri, akawaandika kazi. Wao na wenzao ndio waliokuja kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la huku kwetu, na Waingereza wakawapa makazi katika msitu ambao kwa lugha yao uliitwa Kibra. Ukimsikia leo Mnubi wa Kibra akimwita mwanawe kwa Kinubi, kile ni Kiarabu kilichotembea kwa miguu kutoka jeshi la Khedivi. Watu wanasafiri kwenda kutazama piramidi, na kipande cha historia ya Misri kiko karibu na Ngong Road.

*Kwa nini Misri yenye jeshi kubwa namna ile haikuingia vitani kwa ajili ya Gaza? Nasser angekubali?*
Muuguzi, Huruma

Swali lako nimelipata kwa namna tano tofauti, lako lina adabu kuliko yote.

Anza na mkate. Wamisri huuita *aish*, neno lenye maana ya maisha. Januari 1977 serikali ya Sadat, ikishinikizwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilipunguza ruzuku, bei ya mkate na vitu vingine vya jikoni ikapanda kwa usiku mmoja. Siku mbili, tarehe 18 na 19, nchi ikawaka kutoka Aswan hadi Alexandria. Jeshi likaingia barabarani, makumi ya watu wakafa, serikali ikarudisha bei. Sisi tulioiona Nairobi ya Juni 2024 tunajua jinsi kodi ya mkate inavyoweza kuwatoa watu nyumbani.

Miezi kumi baadaye, Novemba 1977, Sadat alipanda ndege kwenda Yerusalemu. Simaanishi mkate peke yake ndio uliompeleka. Alikuwa na jambo ambalo Nasser hakuwa nalo: Oktoba 1973, mwezi wa Ramadhani, askari wake walivuka mfereji na kuvunja ukuta wa mchanga wa Waisraeli kwa kuupiga maji ya pampu. Vita vile havikwisha kwa ushindi kamili, lakini vilimpa uso wa kuzungumza. Sinai ilikuwa bado mikononi mwa Israel, mfereji ulikuwa umefungwa miaka minane hadi Juni 1975, meli za Ulaya zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hazina ilikuwa tupu. Alifanya hesabu za Misri. Mkataba wa Camp David ulitiwa saini Septemba 1978, ule wa amani Machi 1979. Sinai ikarudi mwaka 1982. Wapalestina waliahidiwa utawala wao wenyewe kwa maneno mengi sana na tarehe chache sana.

Tangu hapo jeshi la Misri hupokea msaada kutoka Marekani, na kuanzia 1987 ni dola bilioni 1.3 karibu kila mwaka. Kwa jeshi lililozoea hilo, vita na Israel ni kubomoa jiko lake mwenyewe.

Gaza yenyewe ilikuwa chini ya usimamizi wa Misri tangu 1948 hadi 1967, kwa hiyo Cairo inaijua kwa undani, na haitaki kuirithi tena. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 imesema wazi kwamba haitakubali Wapalestina wasukumwe waingie Sinai. Wengine wanasikia hapo huruma kwa haki ya Wapalestina ya ardhi yao. Mimi nasikia huruma hiyo na hofu pia. Hamas ilizaliwa mwaka 1987 kutoka tawi la Ikhwani, na serikali ya Abdel Fattah el-Sisi imesimama juu ya kuwaangusha Ikhwani. Mohamed Morsi alichaguliwa 2012, akaondolewa na jeshi Julai 2013, na mwezi uliofuata mamia ya wafuasi wake waliuawa uwanja wa Rabaa, Cairo. Serikali kama hiyo hailali ikiwa na Hamas mlango wa pili.

Nasser angefanya nini? Baada ya 1967 Nasser mwenyewe, pamoja na zile "la" tatu za wakuu wa Kiarabu kule Khartoum (hakuna amani na Israel, hakuna kuitambua, hakuna kuzungumza nayo), alikubali azimio la Umoja wa Mataifa namba 242, la Israel kuondoka katika ardhi iliyotwaa ili kuwe na amani, na mwaka 1970 akakubali kusitisha mapigano kwa mpango wa Marekani. Wapalestina waliandamana kumpinga. Mwenye picha juu ya mlango hilo halikumbuki, lakini lilitokea. Mimi sidhani Nasser angeingia.

*Kwa nini makao makuu ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu yako Cairo, si Makka?*
Fundi simu, Luthuli Avenue

Kwa sababu ilizaliwa Cairo, Machi 1945, na aliyekuwa na nyumba kubwa ndiye aliyeandaa karamu. Misri iliposaini amani na Israel mwaka 1979, wenzake waliisimamisha uanachama na kuhamisha ofisi hadi Tunis, wakampa ukatibu mkuu Mtunisia, Chedli Klibi. Misri ikarudishwa 1989, ofisi ikafuata mwaka uliofuata. Kabla ya Klibi makatibu wakuu walikuwa Wamisri, na waliomfuata wakawa Wamisri tena. Siku hizi mwenye kauli ni mwenye mafuta, Riyadh na Abu Dhabi. Cairo imebaki na jengo.

*Nimepata kwenye kasha la babu bahasha yenye stempu za mwaka 1965 zilizoandikwa UAR, na ndani ya stempu moja kuna bendera yenye nyota mbili za kijani. Nimetafuta nchi hiyo kwenye ramani siioni. Ni nchi gani, na je, stempu zina bei?*
Kinyozi, Kariokor

Ni Misri. Herufi hizo ni za Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, ile ndoa ya Misri na Syria ya 1958, kila nyota nchi moja. Syria ilitoka Septemba 1961, maafisa wake wamechoka kuamrishwa na maafisa wa Cairo. Nasser hakubadili jina wala bendera. Kwa miaka kumi nchi moja ikaitwa muungano na kubandika nyota mbili kwenye barua, mpaka Sadat alipoipa jina la sasa, Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, mwaka 1971. Stempu za babu yako zimechapwa mume akiwa ameachwa miaka minne na bado anaandika majina mawili mlangoni.

Bei hazina, zilichapwa nyingi mno. Nami ninazo, nilizikusanya utotoni kutoka kwa huyohuyo Mhadhrami. Lakini usizibandue kwenye bahasha, na kama barua bado imo ndani, uisome kwanza. Nataka kujua babu alikuwa akiandikiwa na nani kutoka Cairo mwaka 1965.